Mel Blanc: mchekeshaji wa redio aliyewapa sauti wanyama wa katuni

Msikilizaji wetu, huenda jina la Mel Blanc hujawahi kulisikia. Lakini kama umewahi kukaa mbele ya televisheni, kwenye kibanda cha video au ukichungulia simu ya mwanao, ukamwona yule sungura wa kijivu anayetafuna karoti huku akimcheka mwindaji mwenye bunduki, basi unakijua kitu alichokiunda mtu huyu. Katika katuni za zamani za Bugs Bunny, sauti ya sungura ilikuwa yake. Sauti ya bata mweusi mwenye hasira ilikuwa yake. Ya nguruwe mwenye kigugumizi, yake. Ya paka na ya kindege cha njano ambacho paka huyo hukiwinda miaka nenda miaka rudi bila kukipata, zote mbili zake.

Mtu mmoja, koo moja.

Kila tunapogusia michezo ya kuigiza kwenye kipindi, hatukosi ujumbe wa msikilizaji anayeuliza: hao wanyama wa kwenye katuni huongeaje? Ni mashine, au kuna watu nyuma yake? Jibu fupi ni kwamba kuna watu. Jibu refu ndilo tunaloliandika hapa, kupitia maisha ya mtu mmoja ambaye hakuanzia kwenye katuni hata kidogo. Alianzia redioni, akichekesha watu wasiomwona.

Waliokuwa wakisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam zamani hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi. Wengi hawakuwahi kuwaona kwa macho, lakini kila mmoja alikuwa na picha yao kichwani, anajua mmoja anavyotembea na mwenzake anavyokodoa macho. Picha hizo zote zilitokana na sauti. Mel Blanc alikuwa mtu wa aina hiyo, katika nchi nyingine na wakati mwingine.

Mtoto aliyesikiliza mtaa mzima

Alizaliwa tarehe 30 Mei 1908 mjini San Francisco, Marekani, katika familia ya Kiyahudi, akakulia Portland, katika jimbo la Oregon. Jina lake la ukoo liliandikwa Blank, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni kitu kitupu. Mwenyewe alisimulia kwamba mwalimu mmoja alichoshwa na vituko vyake darasani akamwambia kwamba hatakuwa kitu maishani, atabaki mtupu kama jina lake. Akiwa kijana akabadilisha herufi ya mwisho, jina likawa Blanc.

Miji ya Marekani ya wakati ule ilijaa wahamiaji. Katika mtaa mmoja ungekuta Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki, Wachina, Wajapani, Waitaliano na Wamexico, na kila mmoja alikisema Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Watoto wengine walizipita lafudhi hizo bila kujali. Mel alizishika. Alizirudia nyumbani, akazirudia shuleni, akagundua kwamba watu wanacheka.

Hapa ndipo penye siri ya kwanza ya kazi yake. Watu wengi hudhani mwigizaji wa sauti amejaliwa koo la ajabu. Koo lina nafasi yake, lakini kabla ya koo kuna sikio. Huwezi kuigiza Mmasai anayeongea Kiswahili, au mzee wa Pemba, au mfanyabiashara wa Kariakoo, kama hujawasikiliza kwa makini hadi ukajua neno lipi wanalivuta na lipi wanalimeza. Tena anayeigiza bila kusikiliza huishia kuwadhihaki watu, na wenyewe wakimsikia wanamjua mara moja.

Mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 19, Mel Blanc alianza kusikika kwenye kituo cha redio cha KGW mjini Portland. Alikuwa pia mwanamuziki, akipiga fidla na tuba, na aliwahi kuongoza bendi ya jumba la maonyesho. Lakini redio ndiyo iliyomkamata.

Mume, mke na kijiji kizima

Mwaka 1933 alimwoa Estelle Rosenbaum. Mwaka huohuo, yeye na mkewe wakaanza kipindi cha vichekesho kwenye kituo kingine cha Portland, KEX. Kilirushwa usiku, siku sita kwa wiki, kwa muda wa saa nzima.

Anayefanya kazi ya redio anajua uzito wa hesabu hiyo. Saa nzima ya vichekesho, kila siku, hewani moja kwa moja. Ukikosea umekosea mbele ya wasikilizaji wote. Kipindi kilihitaji wahusika wengi, na kituo hakikuwa tayari kulipa waigizaji wengine. Enzi zile Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, watu wanapoteza kazi, na kila senti ilihesabiwa.

Basi wakafanya wanachofanya watu wasio na fedha: wakajigawa. Mel akawa mzee, mtoto, mlevi, askari na mgeni kutoka mbali. Estelle akachukua wanawake wote. Msikilizaji aliyekuwa kitandani kwake usiku alidhani studio imejaa watu, kumbe mlikuwamo mume na mke na karatasi zao.

Baadaye Blanc alisema kwamba ubahili huo wa kituo ndio uliomlazimisha kukuza sauti nyingi. Ni kweli, lakini tusiipambe shida kupita kiasi. Kazi hiyo iliwachosha vibaya, na baada ya miaka miwili hivi waliiacha, wakafunga mizigo na kuelekea Los Angeles, mahali palipokuwa na vituo vikubwa vya redio na studio za filamu.

Mlango uliofungwa mwaka mmoja na nusu

Huko Los Angeles alipata kazi redioni, lakini alikuwa na jambo lingine moyoni. Studio ya Leon Schlesinger ilikuwa ikitengeneza katuni fupi kwa ajili ya kampuni ya Warner Bros., zikionyeshwa sinemani kabla ya filamu kubwa. Blanc akaenda kuomba nafasi ya kujaribiwa. Aliyehusika akamjibu kwamba sauti wanazohitaji tayari wanazo.

Akarudi tena. Jibu lilelile. Kwa simulizi yake mwenyewe, alirudi mara kwa mara kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Mlango ulifunguka pale tu nafasi ya mtu yule ilipochukuliwa na Treg Brown, fundi wa sauti wa studio. Brown akamsikiliza, akacheka, akawaita waongozaji waje nao wasikie. Mmoja akamuuliza kama anaweza kuwa fahali mlevi. Akaweza. Kazi yake ya kwanza pale ikawa fahali mlevi katika katuni ya mwaka 1937.

Mwaka huohuo akapewa mhusika mkubwa zaidi, nguruwe Porky. Nguruwe huyu alikuwa na kigugumizi, na aliyekuwa akimpa sauti kabla ya hapo, Joe Dougherty, alikuwa na kigugumizi cha kweli. Tatizo likawa kwamba Dougherty hakuweza kukiamuru kigugumizi chake. Sentensi fupi ilichukua muda mrefu, na filamu ya kurekodia ilikuwa ghali. Blanc aliweza kugugumia pale tu mwongozaji alipotaka na kuacha pale alipotaka. Kwa studio hiyo ilikuwa nafuu ya fedha na muda. Kwa Dougherty ilikuwa kupoteza kazi kwa sababu ya kitu kilekile kilichompatia kazi.

Katika katuni hiyo ya kwanza ya Blanc kama Porky, ya Aprili 1937, alizaliwa pia bata mweusi Daffy. Naye alipewa sauti na Blanc.

Sauti kwanza, picha baadaye

Sasa tueleze kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu wengi huielewa kinyume. Wanadhani wachoraji huchora mnyama akifungua na kufunga mdomo, kisha mtu anakuja kusoma maneno juu ya picha. Katika studio ile mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine, na studio nyingi hufanya hivyo hadi leo.

Kwanza hadithi huandikwa na kuchorwa kwa picha za rasimu, ili kila mtu ajue nini kitatokea. Kisha mwigizaji huitwa studio. Anaonyeshwa michoro, mwongozaji anamweleza: hapa sungura amechoka, hapa anadanganya, hapa amekasirika lakini anaficha. Mwigizaji anasimama mbele ya maikrofoni na kuigiza, mara nyingine akirudia sentensi moja mara nyingi hadi ikae sawa.

Hapo ndipo wachoraji wanapoanza. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Mtu wa sauti huusikiliza ukanda polepole na kuandika kwenye karatasi: katika picha hii ni sauti ya A, katika hizi tatu midomo imefungwa kwa M, hapa anavuta pumzi. Mchoraji anaifuata karatasi hiyo. Akisikia mwigizaji amecheka puani, anamchora sungura akikunja pua. Akisikia kauli imepanda juu mwishoni, ananyanyua nyusi.

Kwa hiyo sauti ndiyo inayomwongoza mchoraji. Uso unaouona kwenye skrini umefuata pumzi ya mtu uliyefichwa usimwone.

Nguruwe, karoti na kithembe

Blanc alizitafutaje sauti zake? Kuhusu nguruwe, alisimulia kwamba alikwenda kwenye shamba la nguruwe kuwasikiliza. Akaona mnyama yule hukoroma kwa vipande vipande, akahitimisha kwamba nguruwe angeweza kuongea, kukoroma kwake kungekuwa kigugumizi. Wafugaji mnaotusoma mtaamua wenyewe kama alisikia sawasawa.

Kuhusu sungura Bugs, aliyejitokeza kwa umbo tunalolijua katika katuni iliyoongozwa na Tex Avery mwaka 1940, Blanc aliambiwa kwamba mnyama huyu ni mjanja na hababaiki. Akajiuliza ni watu gani huongea hivyo, akachukua lafudhi mbili za mitaa ya New York, ya Brooklyn na ya Bronx, akazichanganya. Mmarekani wa wakati ule aliposikia sauti hiyo alijua mara moja kwamba huyu ni mtoto wa mjini, haibiwi kirahisi. Sisi tunamjua mnyama huyo bila katuni. Ni Sungura wa hadithi za bibi zetu, mdogo wa mwili, anayewashinda Fisi na Simba kwa maneno. Ndiyo maana mtoto asiyejua Kiingereza anamwelewa Bugs Bunny pia.

Halafu kuna karoti. Sungura alitakiwa kutafuna wakati akiongea, na mlio huo ulipaswa kuwa wa kweli. Walijaribu mboga nyingine, hakuna iliyotoa mlio wa karoti. Lakini karoti mbichi haimezwi haraka, na sentensi inayofuata inasubiri. Basi Blanc alikuwa akitafuna, anatema kwenye chombo kilichowekwa pembeni, kisha anaendelea kuongea. Kurekodi Bugs Bunny kulihitaji karoti nyingi na chombo cha kutemea.

Paka Sylvester na bata Daffy wote wana kithembe, yaani ulimi unaponyoka kwenye sauti ya S na mate yanaruka. Ukiwasikiliza vizuri utaona sauti zao ni ndugu. Tofauti ni kwamba sauti ya Daffy iliharakishwa kidogo kwa mitambo, ikawa nyembamba. Lakini mitambo haimpi mtu tabia. Sylvester ni mwenye majivuno anayeumia kila mara, Daffy ni mwenye wivu anayetaka sifa. Uwaharakishe au uwapunguze kasi, bado utawatofautisha. Tabia hiyo ilitoka kwa mwigizaji.

Gari lililogoma kuwaka hewani

Wakati haya yakiendelea, Blanc hakuiacha redio. Kuanzia mwaka 1939 alikuwa katika kipindi cha mchekeshaji maarufu Jack Benny. Mwanzoni alikuwa dubu tu, akinguruma kulinda hazina ya Benny, ambaye katika kipindi alijifanya bahili mkubwa. Blanc alikuwa akisimulia kwamba alinguruma kwa miezi kadhaa hadi akamkumbusha Benny kwamba anaweza pia kuongea. Benny akacheka na kuanza kumwandikia maneno.

Tukio moja la kipindi hicho kila mtangazaji analielewa. Katika hadithi Benny alikuwa na gari kuukuu aina ya Maxwell, na mlio wake ulikuwa umerekodiwa kwenye sahani ya santuri. Siku moja, wakiwa hewani, muda wa gari ukafika na mtambo haukutoa kitu. Kimya. Redioni, kimya cha sekunde tatu ni kirefu kama foleni ya kliniki. Blanc akaivamia maikrofoni na kuwa gari mwenyewe: akakohoa, akapiga chafya, akatetemeka, akazimika. Ukumbi ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo gari la Jack Benny likawa koo la Mel Blanc.

Hata hivyo si kila kitu kilimwendea vizuri. Kati ya mwaka 1946 na 1947 alipewa kipindi chake mwenyewe kwenye mtandao wa CBS, akicheza mtu mwenye duka la kutengeneza vitu vilivyoharibika. Mhusika huyo mkuu aliongea kwa sauti ya kawaida ya Blanc. Kipindi hakikupita msimu mmoja.

Jina kwenye skrini

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote katika habari hii.

Kwa miaka kadhaa katuni zile zilipendwa nchi nzima, lakini aliyezipa sauti hakutajwa popote. Mwanzoni mwa katuni ungesoma jina la mwenye studio, la mwongozaji, la mwandishi, la mchoraji na la mwanamuziki. Mwenye sauti hakuwapo. Watu walicheka na nguruwe, bata na sungura bila kujua kwamba wote ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo anahesabu mshahara wake kama wengine.

Blanc alikwenda kwa Schlesinger kuomba nyongeza ya malipo. Kwa simulizi yake, alikataliwa. Akaomba kitu kingine: kama fedha hakuna, basi jina langu liandikwe. Schlesinger alikubali, kwa kuwa herufi hazikumgharimu kitu. Tangu mwaka 1944 katuni hizo zikaanza kumtaja Mel Blanc kuwa ndiye mwenye sauti.

Herufi zile chache zilimletea kazi. Watayarishaji wa redio wakaliona jina, wakauliza ni nani huyu, simu zikaanza kuita. Alichonyimwa kwa mkono mmoja akakipata kupitia jina.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, na si haki kuuficha. Makubaliano yale yalimhusu yeye peke yake. Mwindaji Elmer, anayemfukuza Bugs Bunny, hakuwa Blanc. Alikuwa Arthur Q. Bryan, mchekeshaji mwingine wa redio, aliyefanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1959. Wanawake wengi wa katuni zile walipewa sauti na Bea Benaderet, na baadaye na June Foray. Kwa miaka mingi majina yao hayakuandikwa. Mtazamaji aliposoma jina la Blanc peke yake, alidhani hata Elmer ni yeye. Jina la mmoja lilipoonekana, wenzake walizidi kufichika.

Kicheko kilichofika mahakamani

Mwaka 1940, kabla hajafungwa na mkataba wa kufanyia katuni studio moja tu, Blanc alikuwa ameifanyia kazi studio ya Walter Lantz. Huko alimpa sauti ndege anayeitwa Woody, wa jamii ya gogota, wale wanaotoboa miti kwa midomo yao. Alimpa pia kicheko chake cha kichaa, ambacho Blanc alisema alikuwa nacho tangu siku zake za shule.

Blanc akaondoka. Kicheko kikabaki. Studio iliendelea kukitumia, na mwaka 1948 kikaingia pia katika wimbo uliovuma sana. Blanc akaenda mahakamani akidai kwamba kicheko ni chake. Hakimu hakukubaliana naye, kwa sababu hakuwa amekiandikisha kisheria kuwa mali yake. Baadaye pande mbili zikamalizana nje ya mahakama.

Swali lile halijaisha, na halipo mbali nasi. Nenda soko lolote leo usikilize zile spika ndogo za wamachinga: sauti moja, imerekodiwa mara moja, inapiga kelele bei ya viatu tangu asubuhi hadi jioni. Mwenye sauti hiyo huenda alilipwa elfu chache siku moja. Kutoka kwenye simu moja sauti yake imehamia simu nyingine, na sasa inauza bidhaa katika mikoa ambayo hajawahi kufika. Je, ana haki yoyote?

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na neno hilo hakishiriki linawagusa waigizaji na wasanii wanaoonyesha au kurekodi kazi. Sheria inawatambua. Lakini sheria haikusaidii sana kama hakuna karatasi inayoonyesha mlikubaliana nini. Kwa hiyo kijana unayeitwa kurekodi tangazo au mchezo, uliza mambo matatu kabla hujafungua kinywa: nalipwa kiasi gani, sauti yangu itatumika wapi na kwa muda gani, na jina langu litatajwa? Majibu yaandikwe, hata nusu ukurasa, na kila upande ubaki na nakala yenye sahihi. Sasa ambapo kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi, ongeza swali la nne: sauti yangu itaruhusiwa kuigwa kwa mashine?

Sungura ndiye aliyejibu

Tarehe 24 Januari 1961, Blanc alikuwa akiendesha gari kwenye barabara ya Sunset mjini Los Angeles. Katika kona moja iliyokwishapewa jina la Kona ya Mfu kwa wingi wa ajali zake, gari lingine likamvaa uso kwa uso. Miguu yote miwili ilivunjika, nyonga ikavunjika, fuvu likapasuka. Alilala bila fahamu kwa takriban wiki mbili. Mkewe Estelle na mwanawe Noel walikaa kando ya kitanda wakimwita. Hakujibu.

Ndipo siku moja daktari akajaribu njia nyingine. Hakumwita Mel. Alimuuliza, Bugs Bunny, unajisikiaje leo? Baada ya kimya kidogo, kutoka ndani ya bandeji, ikaja sauti dhaifu ya sungura ikimjibu daktari kwamba hajambo. Daktari akamuuliza na nguruwe kama naye yupo. Nguruwe akaitika.

Madaktari wamekuwa na maelezo yao kuhusu ubongo na mazoea ya miaka mingi. Sisi tutasema tu kwamba kazi aliyoirudia kila siku kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa imeingia mahali ambapo hata ajali haikufika.

Wakati huo alikuwa pia Barney, jirani mwema katika katuni ya televisheni ya The Flintstones iliyoanza mwaka 1960. Mwigizaji mwenzake Daws Butler alimshikia nafasi kwa vipindi vichache. Kisha Blanc akarudi kazini akiwa bado amelala chali, mwili umefungwa hogo, maikrofoni ikiwa imening'inizwa juu ya mdomo wake na waigizaji wenzake wamekizunguka kitanda. Msikilize Barney wa siku zile, hutajua kwamba anayecheka hawezi kugeuka.

Waliomrithi

Mel Blanc alifanya kazi hadi uzeeni. Mwaka 1988, akiwa na miaka 80, alisikika katika filamu ya Who Framed Roger Rabbit, iliyowachanganya watu halisi na katuni. Alifariki dunia tarehe 10 Julai 1989. Alikuwa amevuta sigara tangu utotoni, akaacha akiwa amechelewa, na mapafu yake yalikuwa yameharibika. Kwenye kaburi lake, katika makaburi ya Hollywood, yameandikwa maneno ambayo nguruwe Porky alifungia katuni, yaani: basi jamani, ni hayo tu.

Alipoondoka, Warner Bros. ilihitaji kumrithisha mtu. Ikabidi iwatafute watu, kwa wingi. Mmoja akachukua nguruwe, mwingine bata, mwingine sungura, na wamekuwa wakibadilishana hadi leo. Wengi wao, akiwamo Bob Bergen wa nguruwe Porky na Eric Bauza anayemfanya Bugs Bunny siku hizi, walijifunza kwa kumsikiliza Blanc. Na leo majina yao yanaandikwa.

Kwetu pia kazi hii ipo. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, hutengenezwa Dar es Salaam, na wahusika wake huwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Nyuma ya kila mmoja wao yupo mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni.

Kwa hiyo mzazi, mtoto wako akikaa uani akimwigiza kuku, bodaboda na shangazi yake kwa zamu, mkataze asimvunjie shangazi heshima, lakini usimwambie kwamba huo ni upuuzi. Na wewe msikilizaji, mchezo wa redio au katuni ikiisha, usikimbilie kubadilisha stesheni. Subiri majina yasomwe. Ni dakika moja tu, na ndiyo dakika pekee ambayo wale waliokuchekesha wanajulikana ni akina nani.